Mtani wa Bwana Mizizi

Hakuna mwanamke Kilosa hii, tangu Kidete mpaka Mikumi, aliyeshika makala za utafiti wa mkonge nyingi kama mimi. Zote zilipita mikononi mwangu, za Kiingereza kitupu, nyingine zina michoro ya mizizi kama utumbo wa mbuzi. Kuzisoma ndiyo sikuzisoma. Kazi yangu ilikuwa kuzipangusa vumbi na kuua mende, na Kiingereza nilichotoka nacho shule ya misheni kilitosha kumsalimia ng'ombe, tena ng'ombe asiyejibu. Lakini nilizishika.

Mwenye makala hizo alikuwa Mwingereza, jina lake Alsopu, na jina hilo walilitumia wazungu wenzake wachache waliopita njia. Sisi tulimwita Bwana Mizizi. Alikuwa na kituo kidogo cha utafiti kando ya njia ya kwenda Mikumi: nyumba ya bati yenye baraza, chumba cha machupa, na kitalu cha mkonge nyuma. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitla, katani ina bei, na wenye mashamba walikuwa wanaogopa kitu kimoja tu, ugonjwa uliokuwa unaozesha shina la mkonge likawa uji. Bwana Mizizi alisema ugonjwa unaanzia mizizini. Alilisema hilo kwa maandishi mwaka hadi mwaka, ndipo tukampa jina.

Dada yangu Hildegarda alikuwa mwanamke wa nyumba ile. Sisemi mke, maana padri hakusema. Sisemi mpishi pia, maana mpishi hulala jikoni. Alikwenda kwake bado msichana, vita havijaisha, na kwa sababu hiyo padri akamnyima komunyo. Kaka yetu Beda, aliyebaki kwenye nyumba ya baba kule Kidete, alimwambia mbele ya watu kwamba siku mzungu atakapoondoka, asije kubisha hodi kwake. Dada alicheka siku hiyo. Alisema mzungu haondoki, ana kazi ya kumaliza, na mizizi haiishi.

Mimi alinichukua nikae naye nimsaidie. Ndivyo nilivyokuwa mtaalamu wa vumbi.

Sasa, majarida ya watafiti yalikuwa yanakuja kwa treni mpaka Kilosa, na Stefano alikuwa anayafuata kwa baiskeli. Stefano alikuwa msaidizi wa bwana katika chumba cha machupa, Mnyamwezi mrefu mwenye Kiingereza cha kutosha na majivuno zaidi ya Kiingereza. Kifurushi kikifika, Bwana Mizizi alikaa barazani akakikata kamba, akapekua kurasa haraka haraka, akitafuta kitu kimoja tu: jina lake mwenyewe katika maandishi ya watu wengine. Asipolikuta, alikuwa hali. Dada alipika, akaondoa sahani kama alivyoileta.

Akilikuta, mara nyingi alilikuta kwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Hobdeni, mtafiti mwingine aliyekaa kwenye shamba fulani upande wa Tanga, na yeye alisema ugonjwa hauanzii mizizini kabisa, unaingilia kwenye kidonda pale kisu cha mkata mkonge kinapopita. Kila alichoandika Hobdeni, Alsopu yumo, na hayumo kwa kusifiwa. Stefano alikuwa anatutafsiria jikoni. Safari moja Hobdeni aliandika kwamba Bwana Alsopu, kwa uangalifu wa kupigiwa mfano, amepima kitu ambacho hakipo. Bwana Mizizi akapiga meza, akazunguka kitalu akiongea peke yake, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akala sahani mbili. Halafu akaingia ndani kuandika jibu, kwamba Bwana Hobdeni angeiona mizizi kama angeinama, lakini inaeleweka tumbo lake halimruhusu.

Tuliyajadili hayo jikoni, mimi na dada na Stefano. Watu wawili wanaotukanana hadharani miaka yote hiyo, hawapelekani bomani, hawarogani, na mmoja akitukanwa anapata hamu ya kula. Stefano ndiye aliyetoa hukumu. Alisema huo ni utani mtupu, na kama wazungu wanao, basi Hobdeni ni mtani wa bwana.

Na Stefano alikuwa na haki ya kuhukumu, kwa sababu yeye Mnyamwezi na sisi Wasagara, ni watani tangu enzi za misafara. Kila asubuhi alikuwa anaingia jikoni akidai chai yake kwa watumwa wake. Mimi nilikuwa namjibu kwamba babu yake alibeba mizigo ya Waarabu kupita kwetu mpaka kichwa kikawa bapa, na ndiyo maana mjukuu kofia haimkai. Alikunywa chai ile kwa raha kabisa. Baba yetu alipofariki, ni Mnyamwezi aliyeingia kaburini kwanza kupima kama panamtosha, akalala mle akakoroma, watu wakacheka huku wanalia. Mtani ndivyo alivyo. Siku nyingine anakuvua nguo. Siku ya msiba, nduguzo wakikaa wanalia tu, yeye ndiye anayeshika jembe.

Mvua za masika zilipoanza, ikaja habari mbaya. Wakubwa waliokuwa wanakiendesha kituo walikuwa wanamtuma mtu kuja kumpima Bwana Mizizi. Kipimo kikitosha, kituo kinabaki. Kisipotosha, kituo kinafungwa na bwana anapanda meli arudi kwao.

Stefano alitueleza mtafiti anavyopimwa. Kwanza wanaangalia ameandika makala kiasi gani na zimechapwa wapi. Pili, na hili ndilo kubwa, wanaangalia watafiti wengine wakiandika ya kwao wanamtaja kiasi gani. Tatu, wanaangalia ameandika kwa kushirikiana na nani, maana mtafiti asiye na wenzake wanamshuku kama sisi tunavyomshuku anayekula peke yake. Dada akauliza kama wanapima pia nyumba yake inavyotunzwa. Stefano akasema hapana. Nilimwona dada anainamisha macho, maana hapo angeshinda.

Mimi nikasema mbona ni kama wakata mkonge tu, unakata, unafunga matita, unayapanga, nyapara anapita anahesabu. Stefano akasema siyo hivyo, mkata mkonge hahesabiwi kwa kutajwa na wakata mkonge wenzake. Nikamwambia bora isiwe hivyo, kwa sababu yeye kule kambini kwa wakata mkonge wanawake wote wanamtaja, na sijasikia hata mmoja anamsifu.

Dada hakucheka. Ndipo nilipojua ameogopa.

Mpimaji alifika kwa treni iliyochelewa kwa sababu mto Mkondoa ulikuwa umepanda juu ya reli. Jina lake Klegi, mtu mwembamba, mwenye mafua, mpole. Upole wake ulinitia baridi. Alikaa chumba cha makala, zilezile nilizozipangusa mimi, akazifungua moja moja na kunukuu vitu. Nilimpelekea chai, nikaona alichokuwa anachora. Alichora duara dogo kwa kila mtafiti, na mstari kutoka duara hadi duara kila mmoja alipomtaja mwenzake. Kiingereza sijui lakini picha ni picha. Katikati palikuwa na maduara mawili, yameunganishwa kwa mistari mingi mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Pembeni vijiduara vingine vichache, kila kimoja na kamstari kake kama unywele. Basi. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa nyeupe.

Mchana, Stefano akiwa anaandaa meza, alimsikia Klegi akisema kwa sauti ileile ya upole kwamba ukimwondoa Hobdeni, anayebaki kumtaja Alsopu ni Alsopu. Na tena, katika makala zote zile, hakuna hata moja aliyoandika na mwenzake. Bwana Mizizi alikata nyama yake vipande vidogo vidogo, akaviacha.

Asubuhi yake dada alinivuta mpaka nyuma ya kitalu, akamwita na Stefano. Mvua ilikuwa inanyunya, na mkonge ule mchanga ulikuwa umesimama kwenye tope kama sindano. Hakulia. Alisema tu kwamba bwana akipanda meli, yeye hana pa kwenda. Kwa Beda hapana. Kanisani hapana. Kambi ya wakata mkonge tunajua mwanamke aliye peke yake anapokewaje. Kisha akamuuliza Stefano kama mtani wa bwana ana habari.

Stefano alianza kubabaika. Alisema wazungu hawana utani wa kweli, ule ulikuwa mzaha wa jikoni.

"Ulihukumu wewe mwenyewe," dada akamwambia. "Mimi nikifa kesho, wewe utakaa nyumbani unywe chai?"

"Nitakuja kukuzika, Msagara. Nitakuja na kamba ya kumfunga mdogo wako asiibe sanda."

"Basi na huyu aje."

Stefano alipanda baiskeli kwenda Kilosa kupeleka simu ya maandishi. Jioni alirudi, tope mpaka kwenye nyusi, akasema Waingereza hawana neno la mtani, amelitafuta njia nzima. Alichoandika ni kwamba Alsopu anakatwa kazini, na ndugu yake anaombwa afike upesi.

Nikamwuliza kama aliandika nani kaituma. Akasema aliweka jina la bwana, kwa sababu mzungu haitiki wito wa Mnyamwezi.

Hobdeni alikuja. Nataka mjue kwamba mimi sikuamini kama atakuja, nilikubali tu kwa sababu dada hakuwa na kitu kingine cha kushika. Lakini pikapu iliingia uwanjani, imefunikwa tope, akashuka mzee mkavu kama fito, mguu mmoja unaburura. Tumbo tulilolisikia miaka yote halikuwepo kabisa. Bwana Mizizi alisimama barazani anamtazama kama mtu anayemtazama mgeni, na kweli alikuwa mgeni, kwa sababu watu wale walikuwa hawajawahi kuonana hata siku moja.

Wakasemezana kidogo. Stefano akanong'ona kwamba mmoja anauliza kwa nini ameitwa, na mwingine anauliza nani kamwita. Stefano mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, na nguzo ile haikuwa na unene wa kumsitiri. Ndipo dada aliposhuka ngazi. Alipiga goti kidogo kwa adabu, akamsalimia mzee yule shikamoo, akamweleza mwenyewe kwa Kiswahili cha taratibu: yeye mzee ndiye mtani wa bwana, bwana anapimwa na kipimo kinapungua, na siku kama hii asiyekuja si mtani.

Hobdeni akauliza mtani ni nini. Stefano akalazimika kutoka nyuma ya nguzo na kueleza kwa Kiingereza, maelezo marefu, pamoja na habari za jembe na kaburi. Hobdeni akamgeukia Bwana Mizizi, akaanza kucheka. Bwana Mizizi hakucheka.

Mimi nilifanya wajibu wangu. Mtani wa bwana wetu ni mtani wetu, kwa hiyo alipovua kofia niliichukua nikaificha kwenye pipa la unga, na alipoitafuta nikamwambia atoe fidia ya kuku. Dada alinifinya mkono mpaka ukawa mweusi. Lakini mzee alitoa sigara moja akanipa, kofia akaivaa hivyo hivyo nyeupe, na nikaona huyu ana damu ya utani, hajui tu.

Siku ya pili wakakaa barazani watatu, Klegi na kalamu yake katikati. Stefano alikuwa anafuta glasi moja ileile kwenye mlango. Mimi nilikuwa chini ya dirisha napepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa. Haya ninayoyaandika ndiyo aliyotupa Stefano baadaye, neno kwa neno, na mara hii hakuongeza chumvi.

Klegi alimwuliza Hobdeni kazi ya Alsopu ina thamani gani. Hobdeni alisema Alsopu amekosea. Alikosea tangu mwanzo na atakosea mpaka mwisho, mizizi haina kosa lolote. Bwana Mizizi hapo alikaa vizuri kwenye kiti, kama mtu aliyeletewa chakula anachokijua. Lakini Hobdeni hakuishia hapo. Alisema yeye asingechunguza kidonda cha kisu kama Alsopu hangeandika habari za mizizi. Kila mara Alsopu alipokosea, yeye alilazimika kwenda shambani kuhakikisha kwamba ni kosa, na huko ndiko alikoona yote aliyoyaona. Akamwambia Klegi achukue makala zake yeye Hobdeni, zote zinazosifiwa mpaka Ulaya, aandike pembeni kwamba nusu ni za Alsopu. Wakitaka kujua Alsopu kashirikiana na nani, kashirikiana na yeye. Hawakuambiana tu. Na wakimwondoa, yeye naye hana wa kuandikiana naye tena katika nchi yote hii.

Klegi aliandika kwa muda mrefu. Stefano aliingia jikoni machozi yanamlenga, akasema tumeshinda, mtani ameshika jembe. Dada alikaa chini kwenye kinu kilicholazwa, akafunika uso kwa kanga.

Mimi nilikuwa namtazama Bwana Mizizi kutoka dirishani. Alikuwa amebaki barazani peke yake. Miaka yote ile akitukanwa na Hobdeni, anakula. Usiku ule dada alichinja jogoo mkubwa, akampa mgeni firigisi kwa heshima, na wageni wote wawili wakala wakajiramba. Bwana Mizizi alishika uma, akauweka. Nikamwonyesha dada kwa macho. Dada akasema ni furaha, furaha nayo hufunga tumbo.

Asubuhi Klegi alizungumza na bwana chumbani, mlango umefungwa. Haikuchukua muda. Kisha akapanda pikapu ya Hobdeni, wakaondoka pamoja kwa njia ya Mikumi, Klegi aendelee Iringa, na Hobdeni abaki kule Mikumi akatazame mkonge mchanga uliopandwa upande ule.

Pikapu ilipopotea, Bwana Mizizi alituita wote watatu. Alisimama mikono nyuma. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, dada alikuwa amemfundisha, na siku ile alikisema bila kosa.

"Nimepimwa," alisema. "Nimepungua. Wanafunga kituo, na mimi wananirudisha kwetu. Hakuna la kufanya."

Stefano alianza kuuliza, mbona yale aliyoyasikia. Bwana akamwambia maneno ya barazani ni maneno ya adabu, kipimo ni kitu kingine. Akaingia ndani.

Jioni dada akanishika mkono, akaniambia kosa ni lake. "Nilimwita mtani kabla ya msiba," alisema. "Nikauleta msiba."

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa kama imekwisha kufiwa. Mvua haikukatika. Makala zikapangwa masandukuni, nikazipangusa mara ya mwisho bila mtu kuniagiza. Dada alifua mashati yote ya bwana, akayapiga pasi, akashona vifungo vilivyolegea, akisema kule Ulaya wasije wakasema alikuwa anakaa na mtu asiyemjali. Siku moja alipanda treni kwenda Kidete. Alirudi na treni ya kurudi, amelowa mpaka kwenye nywele. Beda alimsikiliza akiwa mlangoni, dada amesimama uani kwenye mvua, na alipomaliza kusema Beda akasema alikwisha kusema. Mke wa Beda, Costancia, ndiye aliyemkimbilia na muhogo wa kuchemsha aule njiani. Dada aliniambia hayo huku anakamua kanga. Akaniapisha nisimwambie bwana, ana huzuni zake zinamtosha.

Na huyo bwana, dada ndiye aliyekuwa anamliwaza. Hilo ndilo nisilolisahau. Kila akimkuta amekaa barazani anatazama mvua, alikuwa anakwenda kukaa chini karibu na kiti chake.

"Pole, bwana wangu," alikuwa anamwambia. "Wangeijua kazi yako wasingekupima vile. Mimi ninaijua."

Naye alikuwa anamshika mkono na kusema asante, Hilda. Nilisikia kwa masikio yangu, si mara moja. Siku nyingine macho yake yalikuwa yamelowa kabisa, na dada akamfuta kwa pindo la kanga yake, yeye ambaye hakuwa na nyumba ya kurudi.

Hatimaye masanduku yakafungwa, yakapangwa barazani kusubiri lori la kuyapeleka stesheni Kilosa. Mvua ilikuwa imepumua kidogo. Dada alikuwa amekaa juu ya mkeka, anakunja shati moja lililobaki. Bwana Mizizi alikuwa anakaza kamba, Stefano anamshikia. Hapo pikapu ikaingia, inatoka Mikumi, na Hobdeni akashuka na ule mguu wake wa kuburura, kofia bado ina unga kwenye mshono. Alisema anarudi kwake, amepita kuaga na kugombana kidogo.

Akayaona masanduku. Akamwuliza Stefano ni safari ya nani.

Stefano akamwambia pole, bwana amepungua kwenye kipimo, anarudishwa kwao. Alimwambia kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu maneno mazito hutoka kwa lugha ya nyumbani. Hobdeni alikunja uso, akamtazama Bwana Mizizi, kisha akamgeukia dada na Kiswahili chake kile cha kuwaamrisha wakata mkonge.

"Hapana pungufu," alisema. "Klegi naambia mimi njiani, ndani ya gari yangu. Bwana yako nashinda. Napata miaka tano. Kituo nakaa."

Dada akasimama na shati mkononi. Akamwuliza Bwana Mizizi kama anayosema mgeni ni kweli.

Bwana Mizizi hakuinua kichwa. Alisema Hobdeni hajui Kiswahili, anachanganya maneno.

Hobdeni hiyo aliielewa. Akamgeukia Stefano, akayasema upya kwa Kiingereza, polepole, akihesabu kwa vidole vyake vikavu. Alipomaliza, Stefano aliniangalia mimi, akaangalia miguu yake. Dada akamwambia atafsiri.

"Anasema bwana aliongezewa miaka mitano," Stefano akasema. "Anasema aliambiwa mlemle chumbani, asubuhi ile, kabla wageni hawajaondoka. Anasema alishukuru, akampa Klegi mkono."

Hobdeni alivua kofia. Naona ndipo naye alipofahamu, maana alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu.

"Kwa hiyo hukupungua," dada akasema. "Unaondoka kwa kutaka mwenyewe."

Bwana Mizizi aliita jina lake, Hilda, akaanza kitu kwa Kiswahili, akakiacha, akaanza kwa Kiingereza, nacho akakiacha.

"Pole zangu zote," dada akamwambia, hakupandisha sauti, "ulikuwa unazipokea."

Bwana Mizizi akainamia sanduku lililokuwa mbele yake, ambalo lilikwisha kufungwa, akaanza kulifunga.